Mjadala wa Kibali cha Ujenzi Dar es Salaam

Kibali cha ujenzi ni idhini ya maandishi ambayo halmashauri humpa mtu kabla hajaanza kujenga, kupanua, kubadilisha au kubomoa jengo. Dar es Salaam idhini hiyo hutolewa na mamlaka tano: Halmashauri ya Jiji, ambayo tangu Februari 2021 inasimamia eneo lililokuwa Manispaa ya Ilala, pamoja na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Nguvu yake inatokana na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 na kanuni za udhibiti wa uendelezaji za mwaka 2008. Nyuma ya hizo zipo kanuni za ujenzi mijini za mwaka 1930, zilizoachwa na Waingereza. Anayejenga bila kibali anaweza kusimamishwa, kutozwa faini au kubomolewa.

Hayo hayana ubishi. Ubishi upo kwenye swali la kibali kinamlinda nani, na kwa kiasi gani. Katika mjadala huu wanasema mwenye kiwanja, afisa mipangomiji, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, fundi, mhandisi wa majengo na mpangaji wa duka. Hawa ni wasemaji wa pande, si watu mahsusi. Hoja zao ni zile zinazosikika kwenye mabenchi ya halmashauri na kwenye maduka ya saruji na nondo.

Mwenye kiwanja anaanza, kwa kuwa ndiye anayetoa fedha. "Kiwanja nimekinunua kwa jasho langu na hati ninayo mkononi. Kama ni changu, ruhusa ya kujenga naiomba ya nini tena?"

"Mzee wangu, fungua hiyo hati usome masharti," anajibu afisa mipangomiji. "Imeandikwa kiwanja ni cha makazi au cha biashara, na imeandikwa ujenge kwa michoro iliyoidhinishwa." Hoja yake inasimama juu ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999: ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa kipindi kama miaka 33, 66 au 99. Aliyepewa haki hiyo amekubali na masharti yake. Afisa anaongeza sababu za kila siku: shimo la choo lililochimbwa karibu na kisima cha jirani, ukuta uliosogezwa mpaka gari la zimamoto likakosa njia, mfereji wa mvua uliozibwa na maji yakaingia sebuleni kwa mtu mwingine.

Mwenyekiti wa mtaa hakubali kwamba kanuni zilitungwa kwa ajili ya ujirani mwema peke yake. Anakumbusha kuwa tangu enzi za Wajerumani hadi za Waingereza, jiji hili liligawanywa katika kanda tatu kwa aina ya jengo lililoruhusiwa: majumba ya Kizungu kando ya bahari, maduka na nyumba za mawe Uhindini, nyumba za udongo na makuti Kariakoo na kuendelea magharibi. Sheria haikulazimika kumtaja Mwafrika. Ilitosha kudai jengo ambalo hakuwa na uwezo wa kulijenga. Afisa haikani historia hiyo, ila anasema kanuni za leo zina kazi nyingine. Wote wawili wana haki, lakini onyo la mwenyekiti halijapitwa na wakati. Kiwango kikiwekwa juu ya uwezo wa wengi, hao wengi hawaachi kujenga. Wanajenga mahali ambapo hakuna anayewakagua.

Ombi lenyewe huanzia kwenye ardhi. Mwombaji hutakiwa kuonyesha hati ya kumiliki ardhi au barua ya toleo, na risiti za kodi anazodaiwa. Sharti hili ndilo linalowafungia nje wakazi wengi wa jiji, maana kwa makadirio yanayotajwa mara kwa mara takriban asilimia 70 ya watu wa Dar es Salaam wanaishi kwenye maeneo yaliyojengwa bila kupimwa. Serikali haikukaa tu. Katika miaka ya 1970 ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuboresha makazi ya Manzese, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Miaka ya 2000 ukaja mradi wa viwanja 20,000, uliofika Bunju, Mbweni na Toangoma. Mahitaji yaliizidi miradi yote miwili.

"Kwangu hapa," anasema mwenyekiti, "mtu ana karatasi ya mauziano. Ameisaini mbele yangu, mashahidi wapo, muhuri wa serikali ya mtaa upo. Akifika halmashauri anaambiwa hana kiwanja. Basi matofali yanashushwa Ijumaa jioni, na Jumatatu asubuhi kuta zimefika kwenye lenta."

"Mwenyekiti, nikisaini leo juu ya ardhi isiyo na mchoro wa mipangomiji, kesho barabara ikipita pale nani atamlipa?" anauliza afisa.

Swali hilo halikutoka hewani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Wakaguzi wakapita na rangi. Nyumba iliyokuwa ndani ya hifadhi ya zamani ilipigwa X nyekundu, na mwenye nayo hakutarajia kitu. Iliyokutwa na upanuzi ilipigwa X ya kijani, alama ya kustahili fidia. Mwaka 2017 mamia ya nyumba kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha Barabara ya Morogoro. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, nyumba za Bonde la Msimbazi zilibomolewa kwa sababu ya mafuriko na kwa sababu Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Mwenyekiti anayajua yote hayo, na ndipo anapotoa hoja yake nzito. Nyumba hizo zilikuwa na umeme. Zilikuwa na namba. Na tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye luku, kwa hiyo anayenunua umeme analipa kodi ya jengo, awe na kibali au asiwe nacho. "Kwa kukusanya, serikali inaiona nyumba. Kwa kuikagua msingi, haiioni." Afisa anataja leseni za makazi zilizoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2004 na urasimishaji unaoendelea mitaani, ambao huwapimia watu walipo badala ya kuwahamisha. Ni njia nzuri, lakini mara nyingi inaishia kwenye karatasi ya umiliki na haiendelei hadi kwenye ujenzi wenyewe. Hapa mwenyekiti ana haki zaidi ya afisa. Hakuna anayedai vibali vya kujenga mtoni. Kinachodaiwa ni kibali chepesi kwa nyumba ya chini, ya kawaida, kwenye mtaa uliorasimishwa: mchoro mmoja unaoonyesha njia ya kuingilia, umbali wa choo na kisima, mwelekeo wa maji ya mvua na vipimo vya msingi, ukaguliwe na mtaalamu wa kata ndani ya siku chache. Nyumba ya vyumba vitatu ya bati haipaswi kupita kwenye mlango ule ule unaopitwa na jengo la ghorofa kumi.

Mwenye ardhi inayotambulika huingia hatua ya michoro. Michoro ya msanifu huonyesha jengo kwa juu, kwa mkato na kwa kila upande, pamoja na msingi na paa. Huonyesha pia namba ya kiwanja na mtaa, jina la mmiliki na la mchoraji, matumizi yanayokusudiwa, sehemu ya kiwanja itakayofunikwa na jengo, umbali kutoka mipakani, maegesho, na njia ya maji taka na ya mvua. Ghorofa huhitaji zaidi michoro ya mhandisi: nondo za ukubwa gani, ngapi, kwa nafasi gani. Wanaochora na kusimamia wana bodi zao, ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, ya wahandisi, na ya makandarasi.

"Mimi ramani naletewa kwenye simu," anasema fundi. "Bosi kainunua, ilishajengwa Mbezi, sasa anaitaka Chanika. Udongo wa kule na wa huku si mmoja, lakini ukimwambia anakuona unataka kumwongezea gharama."

Mhandisi anamuunga mkono. Mchoro wa kununua unaweza kuwa mzuri, ila hauwezi kujua kiwanja. Kuna sehemu za Dar es Salaam zenye mchanga mkavu, zipo zenye udongo mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na zipo ambazo ukichimba mita mbili tu unakutana na maji. Msingi hauamuliwi kabla ya kuchimba shimo na kuangalia. Kibaya zaidi, anasema, ni muhuri wa kukodi: mtaalamu aliyesajiliwa anasaini michoro ambayo hakuichora, ya kiwanja ambacho hajawahi kukikanyaga. Halmashauri inapokea jalada lililokamilika, na hakuna mezani anayeweza kuona kasoro.

Jalada likishapokelewa hupita kwa wataalamu. Mipangomiji huangalia matumizi na mipaka. Afya huangalia vyoo, hewa na maji taka. Mhandisi hupitia uimara wa jengo. Zimamoto huangalia njia za kutokea na vifaa vya kuzimia moto. Miradi mikubwa hudaiwa pia tathmini ya athari kwa mazingira. Mwombaji hulipia kwa kontroli namba, kisha kikao huidhinisha, hurudisha kwa marekebisho au hukataa.

Hapa ndipo malalamiko huwa mengi. Mwenye kiwanja anaeleza kwamba jalada lilirudishwa kwa kasoro moja, akairekebisha, likarudishwa tena kwa kasoro nyingine iliyokuwepo tangu mwanzo. Wakati huo bei ya nondo imepanda, na fundi aliyemwekea miadi amepata kazi kwingine. "Ndipo kijana wa nje ya geti ananifuata: mzee, tatizo lako dogo, nipe mimi hilo jalada." Huyo kijana ndiye kishoka. Anastawi kwa sababu mwombaji hajui jalada liko meza gani na nani amelishika. Afisa anajitetea kuwa watumishi ni wachache na michoro mingi huletwa ikiwa mibovu. Yote yanawezekana, lakini kasoro zote kuorodheshwa mara moja, kwa maandishi, hakuhitaji mtumishi wa ziada.

Mifumo ya kielektroniki imepunguza sehemu ya kero hiyo. Nairobi ilianza kupokea maombi ya ujenzi kwa mtandao mwaka 2011. Tanzania, Mfumo wa Tausi wa TAMISEMI umeingiza huduma za halmashauri kwenye simu na kompyuta, vibali vya ujenzi vikiwemo. Mwombaji huona ombi limefika wapi, na malipo hayapiti mkononi mwa mtu. Mwenye kiwanja anashukuru, ila anauliza kwa nini bado anapigiwa simu alete nakala za karatasi. Swali hilo linastahili jibu la kiofisi, kwa kuwa mfumo unaoendeshwa sambamba na majalada humrudishia kishoka kazi yake.

Hata hivyo mjadala wa kasi ya kibali ni mdogo kuliko mjadala wa kinachotokea baada yake. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa kwenye makutano ya Mtaa wa Indira Gandhi na Barabara ya Morogoro liliporomoka asubuhi na kuua watu 36. Jengo hilo lilikuwa na kibali. Kibali kiliruhusu ghorofa chache kuliko zilizojengwa. Lilikuwa katikati ya jiji, mwendo wa miguu kutoka ofisi za halmashauri, na kila slabu iliyoongezeka ilimwagwa mchana kweupe. Miaka mitatu baadaye, tarehe 29 Aprili 2016, jengo la makazi la Huruma, Nairobi, lililokuwa kando ya mto, lilianguka wakati wa mvua kubwa na kuua watu wapatao 50.

"Ndiyo maana nasema kibali ni mwanzo wa kazi," anasema mhandisi. Kwa utaratibu, mkaguzi hupaswa kuitwa mtaro wa msingi unapokamilika, nondo zinaposukwa kabla ya zege kumwagwa, kwenye kila slabu, kwenye paa na kwenye mfumo wa maji taka. Kila hatua hufunika iliyotangulia. Nondo za milimita 12 zilizowekwa mahali pa zile za milimita 16 zinaonekana kwa jicho mpaka dakika zege linapomwagwa. Baada ya hapo hazionekani tena bila vifaa maalumu. Zege nalo lina ushahidi wake. Siku ya kumwaga, sehemu ya zege lile lile hujazwa kwenye kalibu za chuma zenye upande wa milimita 150, michemraba inayopatikana huhifadhiwa majini, na kupondwa kwa mashine siku ya 7 na ya 28 ili kupima nguvu. Mkaguzi anayefika siku hiyo, akahesabu nondo, akaandika jina lake kwenye daftari la ujenzi, amefanya kitu ambacho muhuri wa mezani hauwezi.

Fundi ana lake la kusema. "Mhandisi wangu, wewe unaongea siku 28. Mimi bosi anasimama hapa siku ya kumi anataka milunda itolewe, ameikodi, kila siku inamla hela. Nikikataa anamleta fundi mwingine." Anayoyasema ni mazito kuliko makosa mengi ya kwenye michoro, kwa sababu yanaonyesha kwamba aliye karibu zaidi na hatari hana mamlaka ya kusema hapana. Kibao kinachowekwa mbele ya ujenzi hutaja mwenye jengo, mkandarasi na washauri. Kingetaja pia idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa, kwa maandishi yanayosomeka barabarani, fundi angekuwa na cha kuonyesha, na mpita njia angeweza kuhesabu. Afisa anakubaliana na wazo hilo na kukiri kwamba gari la ukaguzi ni moja kwa kata nyingi. Ada za vibali hulipwa kwa ajili ya huduma hii. Ukaguzi ungepaswa kuwa kitu cha kwanza kugharamiwa nazo.

Ujenzi ukikamilika, halmashauri hukagua kwa mara ya mwisho na kutoa cheti cha kuruhusu jengo litumike. Wengi hawakiombi. Wapangaji huingia chini wakati ghorofa za juu bado zinapigwa ripu, kwa kuwa mkopo wa mwenye jengo unasubiri marejesho.

Mpangaji wa duka ndiye anayezungumza mwisho, na hoja yake inagusa majengo yaliyokwisha simama. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na kuua zaidi ya watu 20. Taarifa za siku hizo zilieleza kuwa kulikuwa na kazi ya kupanua sehemu ya chini kwa ajili ya biashara. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. "Sisi kodi tunalipa ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo," anasema mpangaji. "Ukisikia nyundo chini ya sakafu, unamuuliza nani? Mwenye nyumba anakwambia ni ukarabati mdogo, mama, fungua duka lako."

"Huo si ukarabati mdogo," anasema mhandisi. Kupaka rangi na kubadilisha vigae hakugusi uimara. Kuondoa ukuta unaobeba, kukata nguzo, kuongeza ghorofa au kuchimba chini ya msingi kunabadilisha njia ambayo uzito hupitia kwenda ardhini, na kanuni zinataka ombi jipya. Afisa anaongeza kwamba hata kugeuza nyumba ya kuishi kuwa ghala kunahitaji idhini, kwa sababu mizigo ya ghala ni mizito kuliko vitanda na makabati.

Zanzibar kuna mfano wa karibu. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mji huo ukaingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Huko mwenye nyumba huomba ruhusa hata anapotaka kubadilisha dirisha au mlango. Ukali huo haukuzuia kila hasara. Sehemu ya jumba la kihistoria la Beit al-Ajaib ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya matengenezo. Lakini wakazi wa Mji Mkongwe wanajua kwamba kugusa jengo lililopo ni jambo la kuombewa ruhusa, ufahamu ambao Kariakoo haujaenea.

Kwa mpangaji, sharti hilo lingekuwa na maana kama angeshirikishwa. Ombi la kubadilisha jengo lenye watu ndani lingeambatana na michoro ya awali, ripoti ya mhandisi juu ya nguzo na msingi uliopo, na orodha ya wapangaji waliojulishwa. Halmashauri ingebandika nakala ya kibali kwenye mlango wa jengo, ikionyesha kazi iliyoruhusiwa, jina la mkaguzi na tarehe ambayo maduka ya chini yanapaswa kufungwa kabla mafundi hawajaanza.